Jinsi ya Kudurusu Historia ya Dunia, 1914–1991: Matukio Yaliyogeuza Mkondo na Watu Walioyaamua

Anayekaa chini kudurusu historia ya dunia ya karne ya 20 kwa kawaida huanza na orodha: miaka upande wa kushoto, majina upande wa kulia. Baada ya wiki mbili orodha hiyo hufikisha matukio mia moja, naye huweza kuikariri yote asiweze kueleza kwa nini tukio la arobaini lilifuata lile la thelathini na tisa. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo ni ya polepole mwanzoni lakini hukaa kichwani: kuchagua matukio machache, kuyachimba hadi kwenye siku na saa inapobidi, na kumpima kila mtu mashuhuri kwa uamuzi aliokuwa na uwezo wa kuufanya siku ile, si kwa sifa au laana alizopewa baadaye. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, kwa mwalimu anayeandaa vipindi, na kwa mtu mzima asiyekabiliwa na mtihani wowote ila anataka kuielewa dunia aliyoikuta.

Hatua ya kwanza: kiwekee mipaka kipindi chako na uchague matukio

Kipindi kisicho na mipaka hakidurusiki. Mimi huanzia kiangazi cha mwaka 1914, mataifa makubwa ya Ulaya yalipoingia vitani, na humalizia tarehe 25 Desemba 1991, Mikhail Gorbachev alipojiuzulu urais wa Umoja wa Kisovieti. Mwingine anaweza kuanzia mwaka 1905, Japani ilipoishinda Urusi, naye hatakuwa amekosea, kwa sababu ushindi ule uliwaonyesha watu wa Asia kwamba dola la Ulaya linaweza kushindwa. Lililo muhimu ni kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sentensi mbili au tatu, kwa nini umeanzia pale ulipoanzia, maana mpaka wenyewe tayari ni hoja.

Kisha chagua matukio kumi, yasizidi. Yangu ni haya: Julai 1914, mapinduzi ya Urusi ya 1917, Mkataba wa Versailles wa 1919, mdororo wa uchumi wa 1929 hadi Hitler kushika madaraka 1933, kuanza kwa Vita Kuu ya Pili 1939, mwisho wake 1945, uhuru na mgawanyiko wa India 1947 pamoja na ushindi wa Mao nchini China 1949, mkutano wa nchi za Asia na Afrika mjini Bandung na mzozo wa Mfereji wa Suez 1955–1956, mzozo wa makombora ya Kuba 1962, na kuanguka kwa Ukuta wa Berlin 1989. Kila tukio unalotaka kuliingiza lipitishe kwenye swali moja: ni jambo gani lililowezekana kabla ya siku ile ambalo halikuwezekana tena baada yake, au halikuwezekana kabla likawezekana baadaye? Kwa kipimo hicho, makubaliano ya Munich ya Septemba 1938, yaliyoipa Ujerumani sehemu ya Chekoslovakia, ni maarufu kuliko yalivyo na uzito. Mkataba wa kutoshambuliana uliotiwa saini Moscow tarehe 23 Agosti 1939 kati ya Ujerumani na Umoja wa Kisovieti ndio uliogeuza mambo, kwa kuwa uliiwezesha Ujerumani kuivamia Polandi siku tisa baadaye bila hofu ya kupigana na jeshi la Stalin. Kama huwezi kulijibu swali hilo kwa tukio ulilolichagua, liondoe bila huruma, au liweke chini ya tukio jingine kama tawi lake.

Hatua ya pili: lichambue tukio moja siku baada ya siku

Usiyachambue yote kumi kwa undani sawa. Chagua moja la kuanzia, na ushauri wangu ni kwamba liwe Julai 1914, kwa kuwa hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya cheche na kuni. Chukua karatasi, uandike tarehe za siku 38 kuanzia 28 Juni hadi 4 Agosti, kisha uigawe safu mbili: kushoto uandike lililotokea, kulia uandike nani siku hiyo angeweza kulizuia na kwa nini hakulizuia.

Siku ya kwanza peke yake ina mafunzo mengi. Asubuhi ya tarehe 28 Juni mjini Sarajevo, msafara wa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, ulirushiwa bomu lililomkosa na kuwajeruhi wengine. Aliendelea na ratiba hadi ukumbi wa mji, kisha akataka kwenda kuwaona majeruhi hospitalini. Njia ilibadilishwa lakini dereva hakuambiwa. Akakata kona karibu na Daraja la Kilatini, akaelezwa kwamba amekosea njia, akalisimamisha gari ili arudi nyuma, na hapo alikuwa amesimama Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia mwenye miaka 19, ambaye alifyatua risasi mbili zilizomuua Franz Ferdinand na mkewe Sophie. Umri huo pia unafaa kuandikwa, kwa maana sheria ya Austria haikuruhusu kumnyonga mtu aliyetenda kosa akiwa hajatimiza miaka 20, hivyo Princip alifungwa, akafa gerezani mwezi Aprili 1918, vita alivyovichochea vikiwa bado vinaendelea.

Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika kwamba mauaji yale yalisababisha vita. Safu ya kulia ndiyo itakayokuzuia kuandika hivyo. Itakuonyesha kwamba tarehe 5 na 6 Julai Ujerumani iliiahidi Austria kuiunga mkono kwa lolote itakaloamua, kisha Mfalme Wilhelm wa Pili akaondoka kwenda matembezi ya baharini Norwei. Itakuonyesha kwamba Austria iliichelewesha hati yake ya masharti kwa Serbia hadi tarehe 23 Julai, ili rais wa Ufaransa, Raymond Poincaré, aliyekuwa ziarani Urusi, awe amekwisha kuondoka na asiweze kushauriana ana kwa ana na wenyeji wake. Serbia ilipewa saa 48. Ilikubali sehemu kubwa ya masharti na kukataa lile la maofisa wa Austria kushiriki uchunguzi ndani ya ardhi yake. Wilhelm aliporudi na kulisoma jibu hilo tarehe 28 Julai, alitamka kwamba sababu ya kupigana imekwisha, na siku hiyo hiyo Austria ikatangaza vita. Kesho yake Nicholas wa Pili wa Urusi aliamuru jeshi lote lijiandae, akaitengua amri hiyo jioni baada ya kupokea simu ya maandishi kutoka kwa Wilhelm, kisha tarehe 30 akaitoa upya kwa shinikizo la majenerali na mawaziri wake. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi, tarehe 3 dhidi ya Ufaransa, na tarehe 4, majeshi yake yalipoingia Ubelgiji, Uingereza nayo ikaingia vitani ikitaja mkataba wa mwaka 1839 uliolinda kutofungamana kwa Ubelgiji.

Ukimaliza karatasi hiyo utakuwa umeona kwa macho yako kwamba vita haikuwa lazima tarehe 28 Juni, na kwamba kufikia tarehe 30 Julai nafasi za kuizuia zilikuwa zimebaki chache sana. Hilo huwezi kulipata kwenye orodha.

Hatua ya tatu: ipime kila sababu kwa takwimu

Katika majibu ya wanafunzi niliyoyasahihisha kwa miaka mingi, sentensi inayojirudia kuliko zote ni kwamba Mkataba wa Versailles ulimleta Hitler. Si uongo mtupu, na ndiyo maana ni hatari. Mkataba huo, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili baada ya risasi za Sarajevo, uliibebesha Ujerumani na washirika wake dhima ya vita kwa kifungu cha 231, na mwaka 1921 fidia ikapangwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Uchungu wa Wajerumani ulikuwa wa kweli. Lakini sababu ikitajwa, msomaji makini huuliza: kama hiyo ndiyo sababu, mbona matokeo yalichelewa?

Weka namba chini. Mwezi Mei 1928, miaka tisa baada ya Versailles, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12 bungeni. Septemba 1930 kilipata asilimia 18.3 na viti 107. Julai 1932 kilipata asilimia 37.3 na viti 230. Mkataba ulikuwa ule ule mwaka 1928 na mwaka 1932, kwa hiyo kuna kitu kingine kilichoingia katikati, na kitu hicho ni mdororo wa uchumi. Tangu 1924 Ujerumani ilikuwa ikijiendesha kwa mikopo ya Marekani. Soko la hisa la New York lilipoporomoka mwishoni mwa Oktoba 1929, wakopeshaji walianza kudai fedha zao, viwanda vikafungwa, na kufikia mwanzoni mwa 1933 watu takriban milioni 6 hawakuwa na kazi. Kabla tu ya mkasa huo Ujerumani ilikuwa imempoteza pia Gustav Stresemann, waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ameirudisha nchi yake kwenye meza ya mataifa na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1926 pamoja na Mfaransa Aristide Briand. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1929, wiki tatu tu kabla ya soko kuporomoka.

Usiishie hapo pia, kwa kuwa namba inayofuata huwashangaza wengi. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 chama cha Hitler kilishuka hadi asilimia 33.1 na viti 196. Kilikuwa bado chama kikubwa kuliko vyote, lakini hakikuwa na wingi wa kuunda serikali peke yake, na kilikuwa kinarudi nyuma. Hitler aliteuliwa kuwa kansela tarehe 30 Januari 1933 na Rais Paul von Hindenburg, mzee wa miaka 85, baada ya kansela wa zamani Franz von Papen na wenzake kumshawishi kwamba wangeweza kumzingira Hitler kwa mawaziri wa kihafidhina na kumtumia watakavyo. Jengo la bunge liliungua tarehe 27 Februari, haki za raia zikasitishwa kesho yake, na tarehe 23 Machi bunge likapitisha sheria iliyompa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Wabunge 94 wa chama cha Kidemokrasia ya Kijamii walipiga kura ya kukataa, ukumbi ukiwa umejaa askari wa mgambo wa Hitler. Namba hiyo 94 ninawaomba wanafunzi wangu waikariri, kwa sababu inawakumbusha kwamba hata siku ile palikuwa na watu walioweza kuona na wakathubutu kusema.

Kwa hiyo kwenye daftari sababu zinakaa tabaka tatu: ya mbali ni kinyongo cha Versailles, ya karibu ni mdororo wa uchumi, na ya mwisho kabisa ni hesabu mbaya ya wanasiasa wachache katika Januari moja. Fanya vivyo hivyo kwa matukio mengine tisa, ingawa si kila moja litahitaji namba nyingi hivi.

Hatua ya nne: waandikie watu kadi, wakubwa kwa wadogo

Kwa kila mtu andaa kadi yenye majibu ya maswali manne: cheo chake kilimpa uwezo gani, alitaka nini, nani au nini kilimzuia, na siku ya uamuzi alichagua lipi kati ya yapi. Maneno kama shujaa, dikteta, mkombozi na msaliti yasionekane kwenye kadi. Kama yanastahili, yatajitokeza yenyewe kutokana na jibu la nne.

Kadi ya Gorbachev, kwa mfano, haiwezi kueleweka bila kuweka kando yake miaka miwili. Mwaka 1956 vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest, na mwaka 1968 vikaingia Praha. Mwaka 1989 uwezo wa kuviagiza ulikuwapo, na majeshi ya Kisovieti yalikuwa tayari ndani ya Ujerumani Mashariki. Alichochagua ni kutoviagiza. Tarehe 9 Oktoba mjini Leipzig watu wapatao 70,000 waliandamana, na risasi hazikupigwa. Uamuzi wa kutotenda ni uamuzi, ingawa hauachi picha.

Lakini usimwandikie kadi Gorbachev ukamwacha Harald Jäger. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1989 msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, aliwasomea waandishi wa habari utaratibu mpya wa safari za nje. Ulikuwa umekusudiwa kuanza kesho yake, ila yeye hakuwa ameelezwa vizuri, na alipoulizwa unaanza lini, alipekua karatasi zake akajibu kwamba kwa ajuavyo yeye, ni mara moja. Habari ikaenea kwa redio na televisheni, na maelfu wakamiminika kwenye vituo vya mpakani. Kwenye kituo cha Bornholmer Strasse, katika Ukuta wa Berlin, Jäger, luteni kanali wa idara ya usalama, alipiga simu kwa wakubwa wake tena na tena bila kupata amri iliyo wazi. Kwanza aliagizwa awaruhusu wale wenye kelele zaidi na kuzigonga mhuri pasipoti zao ili wasirudi, jambo lililouchochea umati badala ya kuutuliza. Yapata saa tano na nusu usiku, akiwa na askari wachache wenye silaha mbele ya umati uliokuwa ukisukumana, aliamuru geti lifunguliwe. Weka kadi hizi mbili pamoja, maana moja inaeleza kwa nini vifaru havikuja na nyingine inaeleza kwa nini ilikuwa usiku ule.

Hatua ya tano: fuata nyayo za uamuzi hadi ulikofika

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa vitabu huweka historia ya dunia upande mmoja na historia ya Afrika upande mwingine. Chukua tukio moja na uulize lilimfikia nani, wapi, na baada ya muda gani.

Vita ambavyo Uingereza iliviingia tarehe 4 Agosti 1914 vilifika Dar es Salaam tarehe 8, manowari ya Kiingereza ilipoupiga mji kwa mizinga ikilenga mitambo ya redio. Novemba mwaka huo Waingereza walishindwa vibaya Tanga. Kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliendelea kupigana hadi akasalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambamo Waafrika maelfu kwa maelfu walibeba mizigo, na wengi wakafa kwa maradhi na njaa. Anayepanda daladala la Kariakoo kila asubuhi anatamka jina la Vita Kuu ya Kwanza.

Nyayo za Versailles ni ndefu zaidi. Mkataba ule uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, yote kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 yakawa maeneo ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa mwenye kutawaliwa tofauti kati ya koloni na nchi ya dhamana haikuonekana sana wakati wa kulipa kodi. Ilionekana mwezi Machi 1955, Julius Nyerere, rais wa TANU iliyokuwa haijatimiza mwaka, aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York kueleza madai ya nchi yake. Wajumbe wa baraza hilo walikuwa wameitembelea Tanganyika mwaka 1954, wakapendekeza kwamba nchi ingeweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25, na kwa pendekezo hilo Nyerere akawa na msingi wa kujengea hoja. Kenya, iliyokuwa koloni tangu 1920, haikuwa na mlango kama huo, na miaka hiyo ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Maneno yaliyoandikwa Paris mwaka 1919 na watu ambao hawakumfikiria Mtanganyika hata kidogo yalikuja kumpa mahali pa kusimama miaka 36 baadaye.

Nyayo za Suez ni fupi lakini zina kishindo. Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, aliutaifisha Mfereji wa Suez tarehe 26 Julai 1956, Israeli, Uingereza na Ufaransa zikamvamia, na shinikizo la Marekani likazilazimisha kuondoka, hadi waziri mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, akajiuzulu Januari 1957. Redio ya Cairo katika miaka hiyo ilikuwa ikitangaza pia kwa Kiswahili, hivyo habari hizo zilisikika Unguja na Mombasa bila kupita London.

Nyayo za 1989 zifuatwe kwa uangalifu zaidi. Tarehe 2 Februari 1990, chini ya miezi mitatu baada ya Ukuta kufunguka, F. W. de Klerk, rais wa Afrika Kusini, alitangaza kukiondolea marufuku chama cha ANC, na Nelson Mandela akatoka gerezani tarehe 11. Kenya iliondoa kifungu cha chama kimoja katika katiba yake Desemba 1991, na Tanzania ikaruhusu vyama vingi mwaka 1992. Kufuatana kwa tarehe hakuthibitishi sababu. Kwa kila nchi andika kwanza waliodai mabadiliko ndani yake, ndipo uongeze upepo uliotoka nje.

Hatua ya sita: jipime bila daftari

Kusoma tena ulichokwisha kukisoma hudanganya, kwa sababu jicho hulitambua neno kabla akili haijalielewa. Baada ya kulichambua tukio, lifunike daftari, chukua karatasi tupu na uandike mfululizo wake kwa kumbukumbu: tabaka tatu za sababu, watu wawili au watatu na maamuzi yao, na mahali nyayo zilipofika. Rudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Tarehe moja ikikuponyoka si neno. Kiungo kati ya tarehe mbili kikikuponyoka, rudi kwenye hatua ya pili.

Kisha andika jibu la insha kwa swali moja kwa kila tukio, na sentensi ya kwanza iwe jibu lenyewe, si utangulizi. Akiulizwa kama Mkataba wa Versailles ndio uliosababisha Vita Kuu ya Pili, aliyepita hatua ya tatu ataanza hivi: "Mkataba wa Versailles ulizalisha kinyongo ambacho Hitler alikitumia, lakini hadi mwaka 1928 kinyongo hicho hakikuweza kumpa zaidi ya viti 12." Sentensi hiyo inabeba msimamo, mwaka na namba, na aya zinazofuata zina kazi ya kuifafanua tu.

Mwisho, mtafute mtu ambaye hasomi historia, awe ndugu au jirani, umsimulie tukio moja kwa dakika kumi bila karatasi na umruhusu aulize. Mara nyingi swali lake la kwanza huwa "kwa nini hakukataa?" au "kwani wengine walikuwa wapi?" Usipoweza kulijibu, liandike kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya mhusika, na kesho yake uanzie hapo.